Nyumba Iliyofungiwa Jivu

Wema,
3 Machi 2025

Kwa mdogo wangu Zachary,

Bwana asifiwe. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Madogo, wewe na wifi yangu Teresia na watoto. Sisi huku tumo. Mama anakula, ananung'unika, kisha anakula tena, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Jicho la kushoto limezidi kuingia ukungu, lakini mdomo hauna ukungu hata kidogo. Juzi amemwambia mchungaji usoni kwamba mahubiri yake yanamuumiza makalio. Embe zimekwisha, mto umeshuka, na mahindi ya kando ya maji tumeyavuna kabla viboko hawajayafikia.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kama watu wa zamani. Nimekupigia simu tangu mwezi uliopita, na kila nikitaja msitu mtandao wako unapotea. Ukiongea na Mama haupotei. Basi nimempa barua Valary, kondakta wa basi, nikamwambia akukabidhi mkononi, si dukani kwa mtu. Barua huwezi kuikata katikati.

Moto umeingia msituni. Miaka yote hii ulikuwa ukila nyasi za mbuga na kuishia ukingoni. Mwaka juzi ukaunguza mikindu ya nje. Mwaka jana ukaingia kidogo zaidi. Mwaka huu, Jumapili ya pili ya Februari, watu wakiwa kanisani, umepita palepale nyasi zilipoota juu ya jivu la mwaka jana, ukafika kwenye mikuyu ya Baba. Ule mkuyu mkubwa alioning'iniza mizinga umeungua shina mpaka ndani. Unasimama bado, ila ukiugonga unasikia uwazi. Kima wekundu wamehamia ng'ambo ya mkondo wa zamani na sijui watakula nini huko.

Wewe ni mtoto wa hapa, lakini umekaa sana na ng'ombe na malori, kwa hiyo nakukumbusha. Kwetu moto wa mbugani hutolewa jikoni. Anayetaka kuchoma hubeba kaa kwenye kigae, akapita nalo katikati ya kijiji, kila mtu akajua moto ni wa nyumba gani. Moto ukila kisichoruhusiwa, wazee wa Gasa, baraza letu la mila, huifungia nyumba hiyo lile jivu. Haitalima pale, haitalisha, wala haitaruhusu mwingine alime au alishe, mpaka miti ikue na kivuli kirudi. Lakini moto wa kibiriti hauna nyumba. Ardhi iliyoungua kwa moto usio na nyumba ni ya wote, na mwenye jembe anaruhusiwa.

Na mwenye jembe yuko tayari. Binamu yetu Job ameshawaambia wazee kwamba huo si msitu tena, ni kuni zilizosimama, na kwamba kikundi chake kitaleta trekta walime mpunga. Mto uliwalia mashamba yao, hilo ni kweli na ninawahurumia. Lakini wakishalima pale, hakuna msitu tena kutoka hapa hadi Golbanti. Wazee wametoa muda mpaka Juni. Nyumba isipojitokeza kusema moto ni wetu, trekta inaingia.

Sasa nakuuliza kwa upole. Ng'ombe wako anaokuchungia yule mfugaji Wako hufika kwenye mbuga ile kila mwaka, majani mapya yakianza tu kuchomoza. Unajua lolote kuhusu moto huu?

Mama anakusalimu. Anauliza kama Teresia bado anapika chai ya maji matupu.

Dada yako,
Tamar


Madogo,
21 Machi 2025

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua imefika, na Valary amenikabidhi mbele ya watu wote stendi akisema, "Dadako anasema usome leo." Sasa soko zima linadhani nina kesi.

Sisi ni wazima. Joto la hapa ni lilelile, mbuzi wamekonda, biashara inasuasua. Mtoto wetu wa kati amepata alama nzuri za hesabu, sijui amezitoa wapi. Mwambie Mama kwamba chai ya Teresia sasa ina maziwa mpaka inaganda.

Kuhusu msitu, pole. Nimesikitika kwa ajili ya mkuyu wa Baba. Lakini dada, wewe nawe hupenda kuifanya kila moshi kuwa msiba. Mbuga isipochomwa inajaa kupe na nyasi kuukuu ambazo ng'ombe anazitazama tu. Ikichomwa, baada ya siku chache inatoa majani laini na mifugo inapona kiangazi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Baba mwenyewe alichoma, nilimwona kwa macho yangu.

Nani aliwasha safari hii, mimi nitajuaje? Barabara ina watu wengi. Kuna wavuta sigara, warina asali, wapita njia. Mimi tangu Krismasi sijashuka huko chini. Ningeshuka ningekuja kumsalimu Mama, unanijua.

Na Job usimfanye adui. Ana watoto wa kulisha.

Wako,
Zachary


Wema,
8 Aprili 2025

Zachary,

Bwana asifiwe. Mama mzima. Mvua imeanza kunguruma upande wa baharini na sisi tunatayarisha mbegu. Salamu nimezimaliza, sasa nikuambie.

Gumato, mke wa Wako, alikuja kwangu wiki iliyopita kuleta maziwa. Akaniuliza kama Mama alifurahi kukuona. Nikamwuliza, kumwona nani? Akasema, Zachary, Jumapili ile ya moto. Alikuwa anarudi kutoka kisimani akaona lori la turubai la buluu limesimama kando ya mbuga, na maandishi ya mbele akayatambua ingawa hajui kusoma, maana ndiye aliyekuchekea siku ulipoyachora. "Baraka za Mama." Akaona ukishuka, ukaingia kwenye nyasi, ukarudi, ukaondoa gari. Akadhani umeshuka kujisaidia. Moshi aliuona baadaye.

Sijalala vizuri tangu siku ile, na si kwa sababu ya moto peke yake. Ulifika karibu na nyumba hii kiasi cha kusikia mbwa wetu, ukapita. Mama alikuwa na homa, ndiyo maana sikwenda kanisani. Tulikuwa ndani, sisi wawili, na wewe ulikuwa nje na kibiriti. Imeniuma, Zachary, na sitajifanya haijaniuma.

Kuhusu Baba, usimsingizie. Baba alichoma, ndiyo. Lakini hakuchoma pote wala hakuchoma kila mwaka. Mwaka huu upande wa barabara, mwaka mwingine akaacha, mwaka wa tatu upande wa mkondo. Na alichoma mapema, mvua ikiwa imetoka majuzi na nyasi bado zina maji chini, moto ukatambaa polepole mpaka mtu mzima angeweza kuuruka. Kabla ya hapo Mama na shangazi zetu walikuwa wamelima mkanda mpana kwenye ukingo wa msitu, udongo mtupu bila jani. Wewe ulikuwa unapewa kazi ya kuchunga ndama, kwa hiyo uliona moto na hukuona mkanda.

Wewe unachoma kila Februari, nyasi zikiwa kavu hadi mzizini, upepo ukivuma kuelekea msituni. Nyasi zinarudi, maana uhai wao uko chini ya ardhi. Mche wa mkuyu uhai wake uko juu. Ukipata mvua mbili au tatu bila moto, gome linakomaa na moto wa nyasi hauuwezi tena. Lakini hujaupa hata nafasi hiyo. Kila mwaka mche unarudi kuwa jivu, mahali pake panaota nyasi, na mwaka unaofuata nyasi hizo ndizo zinazobeba moto kwenda kwenye mti wa ndani yake. Ndivyo msitu unavyoliwa, bila shoka hata moja.

Sijamwambia mtu. Gumato nimemwomba asiseme. Nijibu.

Tamar


Wema,
16 Juni 2025

Zachary,

Hukujibu. Mvua ilikata barabara, nikajidanganya kwamba ni barabara. Kisha Valary akaniambia amekuona stendi mara kadhaa na ukageuka kuangalia matairi.

Mama mzima. Mpunga wa watu wa Golbanti umesimama vizuri. Sisi mto ulipanda ukachukua ndizi, ukatuachia matope mazuri, kwa hiyo hatulalamiki sana.

Nimekwenda kwenye baraza. Wazee walikaa, Job akaja na watu wake wote, hata wake zao na watoto, ili wazee waone matumbo. Alisema vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema watu hawawezi kula kivuli. Akasema moto huu ni wa kibiriti, hauna nyumba, na kila mtu anajua.

Mzee wa baraza akauliza mara ya kwanza kama kuna nyumba inayoutambua moto. Akauliza mara ya pili, na Job akaanza kuvaa kofia yake. Alipouliza mara ya tatu nikasimama.

Nikasema, "Mimi Tamar, mtoto wa Buya. Moto ni wa nyumba yetu."

Zachary, ungewaona. Job akaniuliza mbona hakuna aliyeniona nikipita na kaa kijijini. Nikamwambia, "Mngenionaje? Mlikuwa kanisani. Nani kati yenu aliniona kanisani siku ile?" Wakatazamana. Hakuna. Nikasema nilitaka kuchoma kipande kidogo cha nyasi nyuma ya shamba, moto ukaniponyoka kwa upepo, nikaogopa kusema.

Basi wameifungia nyumba yetu jivu. Ukingo wote ulioungua, kuanzia mkondo wa zamani wa mto hadi kwenye ile miti mitatu ya mikoma. Hatulimi, hatulishi, hatumruhusu mtu. Wakadhani wananiadhibu. Mimi nilitamka kiapo huku nikijizuia kucheka, kisha nikaenda nyumbani nikalia, maana kulikuwa na wanawake waliogeuza nyuso nilipopita.

Kanisani nimevuliwa uongozi wa akina mama. Mchungaji alisema ni kwa muda. Nilimwambia asihangaike na muda.

Nimesema uongo mbele ya wazee na sijutii. Na wewe ni mtoto wa nyumba hii, kwa hiyo jivu limekufunga nawe pia. Ng'ombe wako wasikanyage pale.

Tamar


Madogo,
29 Juni 2025

Dada,

Shikamoo. Wote wazima.

Umefanya nini? Nani alikutuma? Umejipaka moto ambao hukuuwasha, umejivua heshima uliyoijenga kanisani miaka yote, na umenifungia nyasi bila hata kuniuliza. Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Teresia ameniuliza kuna nini nikamfokea, naye hakuwa na kosa.

Job amenipigia simu. Anajua, au anabahatisha vizuri sana. Ameniambia nije nizungumze na wazee, niseme ulikuwa moto wa kibiriti na si wa kwako. Moto wa kibiriti hauna adhabu, hakuna atakayenigusa. Jina lako litasafishwa siku hiyohiyo, na wakishavuna mpunga ng'ombe wangu watapewa mabua yote. Alisema kwa sauti ya upole, kama ndugu.

Kwa hiyo nitakuja. Sitaki watu wakuite mchoma msitu kwa ajili yangu. Nitasimama niseme kweli na mambo yaishe.

Zachary


Wema,
13 Julai 2025

Zachary,

Bwana asifiwe. Mama mzima, anasema nikuandikie kwamba umekonda. Hajakuona, lakini anasema.

Usije kusema kweli.

Miezi yote ile nilipotaka kweli yako ulinificha. Sasa umeipata, unataka kuileta mahali ambapo itaua kila kitu. Ukisema neno kibiriti mbele ya wazee, jivu linafunguliwa asubuhi hiyo na trekta inaingia mchana. Wewe utarudi Madogo moyo mwepesi. Mimi nitasafishwa jina na kupewa tena kiti changu kanisani, nami nitakaa kwenye kiti hicho nikisikia injini.

Sikukuokoa wewe, usijipe umuhimu. Niliuokoa ukingo. Nilipita pale juzi, baada ya mvua. Kuna miche ya mikuyu imechomoza kwenye jivu, mingi kuliko nilivyotarajia, mingine haijafika urefu wa vidole viwili. Mikindu iliyoungua inatoa majani katikati. Mwaka mmoja bila moto, ng'ombe wala jembe hautatosha. Nataka mitatu, minne, na baada ya hapo uchome mbuga yako, mapema na kwa zamu, upande mmoja upumzike. Sijasema nyasi zisichomwe kamwe. Nyasi zikikaa miaka mingi bila moto zinarundikana, na siku mlevi mmoja akiangusha sigara hakuna mkanda utakaozizuia. Ninachokataa ni kila mwaka, na ninakataa Februari.

Wanaoniita mchoma msitu waniite. Nimeitwa mengi. Nilipokataa kuolewa na yule mwenye boti waliniita mengi zaidi.

Mwambie Job hukumbuki kitu. Ulikuwa hodari wa kutokumbuka, endelea hivyo.

Nimeanza kulima mkanda. Udongo umekauka juu na mgongo wangu unazeeka, lakini nalima.

Tamar


Madogo,
10 Septemba 2025

Dada Tamar,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, na safari hii si barabara wala matairi. Nilikuwa sijui niandike nini.

Teresia alijifungua salama mwezi uliopita, mtoto wa kike. Tumemwita jina la Mama. Mwambie, na umwambie ana sauti yake, maana hatulali.

Wako alikuja Madogo kuuza fahali. Nilidhani atanilaumu kwa kufungiwa ukingo. Hakunisalimu mpaka alipomaliza chai. Kisha akaniambia maneno ambayo sijayasahau. Alisema, "Zachary, ni nani alikuomba unichomee nyasi?" Nikamwambia nilichoma kwa ajili ya ng'ombe. Akasema ng'ombe wanachagua nyasi, mimi sichagui. Zile tamu, zenye majani mapana, ambazo mama yake alizijua kwa majina, hazionekani tena upande wa barabara. Kuchomwa kila mwaka kumezichosha mizizi, zimebaki zile ngumu ambazo hata zikichipua ni laini kwa majuma machache tu. Akasema kila mwaka huamka akakuta moshi, akahamia kwenye majani mapya kwa sababu hana la kufanya, na mimi huku Madogo najisifu kwamba nimemsaidia.

Miaka yote hiyo sikumwuliza hata mara moja. Niliona aibu mbele ya wauza chai.

Amepeleka ng'ombe wetu kusini, mbali na ukingo. Wawili wamekufa njiani kwa kiangazi. Sikulaumu. Nataka tu ujue kwamba huku pia kuna kinacholipwa.

Job anapiga simu kila Ijumaa. Sijamjibu ndiyo wala la.

Zachary


Wema,
12 Oktoba 2025

Mdogo wangu,

Bwana asifiwe. Mama amelia kwa furaha kuhusu mtoto, kisha akasema jina lake ni zito, mtoto atavimba kichwa. Pole kwa ng'ombe. Nasema pole ya kweli.

Moto umekuja. Wiki mbili zilizopita, mchana, kutoka upande wa barabara. Nani aliuwasha sijui na siku ile sikuwa na muda wa kuuliza. Nyasi zilikuwa zimefika kifuani, maana mbuga haikuchomwa tangu Februari na mvua ilikuwa nzuri. Niliona moshi, nikasikia ndege, nikakimbia na jembe.

Gumato alifika kabla yangu na wanawake wenzake wawili, wamekata matawi mabichi. Tukasimama kwenye mkanda. Moto ulipofika kwenye udongo ulisimama, ukarusha cheche, na kila cheche iliyovuka tuliipiga. Nyusi zangu hazipo. Gumato ameungua mkono, si vibaya, nimempaka asali. Mahali fulani karibu na mikoma nilikuwa sijamaliza kulima, na hapo ulipenya ukala miche kiasi cha upana wa uwanja wa kanisa. Kwingine kote haukuvuka.

Jioni yake Job alikuja na ndoo, amechelewa. Alitazama mkanda muda mrefu. Alipoondoka hakuichukua ndoo yake, aliiacha.

Hata hivyo hajaacha shauri lake. Anawaambia wazee kwamba mtu anayepigania msitu hivi hawezi kuwa ndiye aliyeuchoma. Ameomba baraza la pili, katikati ya Novemba, na umeitwa wewe kwa jina. Watakuuliza moto wa Februari ulitoka wapi.

Sitakuomba tena. Nilishasema langu mwezi wa Julai. Ukija na kweli yako, mimi nitakaa kwenye ukingo, na trekta itabidi inipitie.

Tamar


Madogo,
14 Novemba 2025

Dada,

Shikamoo. Mvua imekata barabara chini ya Hola na malori yamepanga foleni tangu juzi. Sitawahi baraza. Wako anashuka kwa miguu na ngamia wa mtu, kwa hiyo barua hii inaletwa na yeye. Karatasi ya pili mpe mzee wa baraza aisome mbele ya Job na watu wote. Hii ya kwanza ni yako.

Nilitaka kusema kweli, dada. Nilitaka kwa ajili yangu. Kila usiku najiona nikishuka kwenye lori, na ningependa kumwambia mtu mwenye mvi, anitazame vibaya, halafu yaishe. Umeninyima hilo. Nilikukasirikia sana kwa sababu hiyo, mpaka nilipoelewa kwamba hutanipa njia rahisi, na kwamba sistahili njia rahisi.

Nisamehe kwa kupita mlangoni. Hilo la mlango nalisema wazi, maana halina trekta ndani yake.

Karatasi ya pili ndiyo hii:

"Kwa wazee wa Gasa. Mimi Zachary, mtoto wa kiume wa Buya, nimeitwa niseme moto wa Februari ulitoka wapi. Ulitoka katika nyumba yetu. Aliyeubeba ni wa nyumba yetu, na jivu ni letu sote. Hatulimi, hatulishi, hatumruhusu mtu. Binamu Job, nakuheshimu na najua watoto wako, lakini pale hupiti, na ng'ombe wangu pia hawapiti. Anayetaka kumwondoa dada yangu kwenye ukingo ule aniondoe mimi kwanza, na mimi nashuka barabara ikifunguka, nakuja na jembe."

Zachary


Wema,
1 Desemba 2025

Mdogo wangu,

Bwana asifiwe. Sisi wazima. Nakuandikia ingawa unasema uko njiani, maana barabara bado ni bahari. Valary hana kazi, kwa hiyo hii nampa Wako akirudi kwa miguu.

Barua yako ilisomwa. Mzee aliisoma mara mbili, ya pili polepole. Job alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi." Hakuna aliyepiga makofi, si mambo ya makofi. Trekta imerudishwa.

Kesho yake nilikwenda kwake nikamwambia achukue nusu ya shamba langu la mtoni, lile lililopata matope mazuri, alime msimu huu na mwingine. Alinitazama kwa hasira. Hakuniambia ahsante, lakini asubuhi yake alikuwa ameshapanda. Watoto wake wanapita hapa, wananisalimu, mama yao hasalimu. Kanisani bado nakaa nyuma na nimezoea, kwa kuwa kule hewa ni nzuri.

Umekubali kitu mbele ya wazee, na nataka ukielewe vizuri kabla hujafika na jembe lako. Mkuyu hauleti kivuli upesi. Mimi mgongo umeshaanza kugoma, na huenda kivuli hicho nisikione. Nikitangulia, jivu halifunguliwi. Linabaki lako, na baada yako la huyo mtoto asiyelala. Mfundishe kulima mkanda kabla ya kumfundisha kuchunga.

Dada yako,
Tamar